Mashine haikugundua, imekisia

Msomaji ameniletea sentensi yake: "Akili bandia imegundua kanuni za Seneti, mchezo wa Misri ya kale." Anauliza: ni akili bandia au akili unde?

Yote mawili yanatumika. Nachagua unde, kwa kuwa latoka kwenye kuunda, kama fundi aundavyo chombo. Bandia lilikuwa neno zuri enzi za mtoto wa bandia, yaani mwanasesere; leo limechafuliwa na noti bandia na vyeti bandia.

Kinachonikera ni hilo "imegundua". Limezagaa kila habari ya sayansi, na linapotosha. Kugundua ni kukibaini kitu kilichokuwepo bila kujulikana. Anayegundua ufa ukutani hakuutia yeye.

Sasa itazame Seneti. Ubao wake una miraba 30, safu tatu za kumi kumi, na umekutwa makaburini, hata katika kaburi la farao Tutankhamun lililofunguliwa mwaka 1922. Ubao upo, kete zipo. Hakuna andiko lililotufikia linaloeleza kanuni zake kwa ukamilifu. Mashine igundue nini? Programu kama Ludii, zao la mradi ulioanza mwaka 2018 katika Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, hupewa kanuni zinazodhaniwa na wataalamu, kisha hucheza yenyewe kwa yenyewe, mchezo baada ya mchezo, na kupima. Je, mchezo unafika mwisho? Anayeanza ndiye anayeshinda kila mara? Kanuni inayokwamisha kete hutiliwa shaka. Inayosalia inachezeka, basi. Haituambii kwamba ndivyo Wamisri walivyocheza. Na kanuni mbili zinazopingana zikichezeka zote, mashine imegundua ipi? Huko ni kukisia, kukadiria, kupendekeza. Vitenzi vitatu tunavyo, na hakuna anayevigusa! Wala usikimbilie "imevumbua". Kosa ni lilelile.

Mchezo wa Uru, mji wa kale katika Iraki ya leo, wenye ubao wa miraba 20, una habari nyingine. Irving Finkel wa Makumbusho ya Uingereza alisoma kibao cha udongo cha mwaka 177 KK, akakuta kinaeleza namna ya kuucheza. Maneno yalikuwepo, yamelala kwenye udongo. Huyo amegundua, nami naliandika neno hilo bila kusita.

Wewe andika: "Akili unde imependekeza kanuni zinazoweza kuwa za Seneti." Mhariri akisema kichwa cha habari kimekuwa kirefu, na kirefuke.