Saratani ya ngozi: tazama unyayo, kucha na makovu

Eti sisi weusi hatupati saratani ya ngozi?

Tunapata, ila mara chache. Melanoma (saratani inayoanzia kwenye chembe za rangi ya ngozi) kwetu hupenda unyayo, kiganja na chini ya ukucha, sehemu ambazo jua halizipigi sana, ndiyo maana huchelewa kugunduliwa. Bob Marley, aliyefariki 1981, yake ilianzia kwenye ukucha wa kidole gumba cha mguu. Ukishaoga, kaa penye mwanga, geuza unyayo, panua vidole. Doa linalotanuka, lenye kingo zisizo sawa, rangi mbilimbili au upana unaozidi milimita 6, lipeleke hospitali.

Ukucha wa gumba la mguu una mstari mweusi. Labda nilijikwaa?

Huenda. Damu iliyovilia husogea mbele ukucha unapokua, kama milimita 1 hadi 2 kwa mwezi, na nyuma yake hubaki peupe. Piga picha leo, piga tena baada ya wiki nne, linganisha. Mstari ulioganda kwenye shina la ukucha, unaopanuka, unaopasua ukucha au uliomwaga weusi kwenye ngozi ya pembeni, usisubiri hata hizo wiki nne. Mistari myembamba kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa watu weusi.

Mwanangu ana ualbino, ana vigaga sikioni na mdomoni.

Pitisha kidole: vikikwaruza kama msasa, vimesababishwa na jua na vinaweza kugeuka saratani. Vikiwahiwa hugandishwa kwa naitrojeni ya maji (kimiminika cha baridi kali), kazi ya dakika chache. Usivibandue. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote (kepu huacha masikio na shingo juani), mikono mirefu, na losheni ya jua ipakwe upya kila saa mbili akiwa nje. Midomo isisahaulike.

Kovu la moto la miaka 20 limefunguka, halifungi.

Hili ndilo tunaloliogopa zaidi, maana linaweza kuwa saratani, na wengi huliita donda ndugu na kuendelea kufunga bandeji. Kingo zikivimba na kuwa ngumu, nyama ikiota, damu ikitoka kwa kuguswa au harufu ikibadilika, omba kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo cha donda kinachokatwa na kupimwa maabara. Kikatwe ukingoni, katikati mara nyingi ni nyama iliyokufa, na majibu yanaweza kusema huna kitu wakati unacho.

Nilichoma doa kwa dawa ya mitishamba, likapotea.

Juu limepotea. Mizizi inaweza kuwa inaendelea chini ya kovu. Nenda ukaonyeshe mahali lilipokuwa.