Jibu: Kurudia maneno kwenye ibada si kupayuka

Ndugu, umeuliza kama kurudia maneno yaleyale kanisani si kule kupayuka-payuka kunakokatazwa kwenye Mathayo 6:7. Mimi nasema hapana. Soma Zaburi ya 136: ina mistari 26, na kila mmoja unaishia na “kwa maana fadhili zake ni za milele.” Kinachokemewa ni kudhani wingi wa maneno ndio utakaomfanya Mungu asikie.

Kiitikio kinampa nafasi hata asiyejua kusoma. Tulipomzika mama kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, Kibosho, shangazi yangu hakuwa na kitabu wala miwani. Kiongozi alitaja mtakatifu mmoja mmoja, naye akaitikia “utuombee,” kidole gumba kikisogeza punje za rozari. Sauti yake ilikatika kwa kilio mara mbili, wengine wakaendelea, akaudaka mwitikio uliofuata. Peke yake asingefika mwisho.

Baadhi ya Waislamu nao kwenye dhikri hulitaja jina la Mungu pamoja, pumzi zikilingana. Uwanjani Ushirika hapa Moshi mashabiki wana miitikio yao pia, ila pale wanaitiana wao kwa wao na wachezaji. Kwenye sala kuna Mmoja anayeitwa.