Unameza metformini na nyayo zinawaka moto? Pima B12 kwanza

Msomaji mmoja ametuandikia. Mwaka wa saba sasa anameza metformini, dawa ya kisukari, ya miligramu 1000 asubuhi na jioni, na sukari yake imetulia. Lakini usiku nyayo zinawaka moto, na akitembea peku anahisi kama amevaa soksi. Kila akienda kliniki anaambiwa ni sukari imeharibu mishipa ya fahamu. Vitamini B12 hajawahi kupimwa hata mara moja, na hilo linatuuma, maana ganzi ya upungufu wa B12 hufanana sana na ganzi ya sukari.

B12 ya kwenye nyama hubanduliwa na asidi ya tumbo, kisha hushikwa na protini maalumu inayoibeba hadi mwisho wa utumbo mwembamba. Huko kuna vipokezi vinavyohitaji kalsiamu ili viipokee, na metformini inadhaniwa kuivuruga kazi hiyo ya kalsiamu.

Halafu kuna bakteria. Kwao ni utumbo mpana. Utumbo mwembamba huwa nao wachache kwa sababu asidi huwaua na misukumo ya utumbo huwafagia. Aliyeishi na sukari miaka mingi utumbo wake unaweza kulegea, chakula kikatuama, bakteria wakapanda juu na kuila B12 kabla haijafika kwenye vipokezi. Metformini nayo hubadilisha mchanganyiko wa bakteria hao. Ukiongeza omeprazoli ya kila siku kwa ajili ya kiungulia, asidi inapungua: vitamini haibanduki vizuri, na bakteria wanapona. Ni kweli wapo bakteria wanaotengeneza B12, ila wengi wako utumbo mpana, vipokezi vimeshapitwa, na vitamini hiyo inaishia chooni.

Ini lina akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana dalili huchelewa. Ukimeza miligramu 1500 au zaidi kwa siku, na umepita miaka minne, omba kipimo hata kama hujisikii vibaya. Damu itolewe kabla hujaanza sindano au vidonge vya B12. Chini ya pikogramu 200 kwa mililita ni upungufu. Kati ya 200 na 300 ni shaka, na hapo hupimwa asidi ya methilimaloniki, kitu kinachopanda mwilini B12 ikipungua. Usiridhike na kipimo cha wingi wa damu peke yake, kinaweza kuwa safi huku mishipa ya fahamu ikiharibika. Na tunasisitiza: vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki hurekebisha damu, mishipa ya fahamu ikaendelea kufa kimyakimya.

Mwenye ganzi huanzishiwa sindano za hidroksokobalamini, aina ya B12, miligramu 1 kila moja. Asiye na ganzi anaweza kupewa kidonge cha B12 cha mikrogramu 1000 kila siku. Takriban asilimia 1 hupenya bila kuhitaji kipokezi, yaani mikrogramu 10, wakati mwili unahitaji 2.4 tu kwa siku. Maini, dagaa, mayai na maziwa ni vyema, lakini B12 yake inapita njia ileile iliyoziba. Mchicha na maharage hayana.

Metformini usiiache bila daktari. Wala usijinunulie antibayotiki duka la dawa ili kuua bakteria wa utumboni. Ganzi ya karibuni hupungua polepole, kwa wiki au miezi. Iliyokaa miaka huenda isiishe yote.