Dysgu: Mama anafundisha au anajifunza?

SWALI: Tunaishi Cardiff, Wales, na binti yangu anasoma shule inayofundisha kwa Kiwelisi. Juzi kaandika kwenye daftari: *Mae Mam yn dysgu Swahili*. Ananiambia maana yake ni "Mama anafundisha Kiswahili". Kamusi ya kwenye simu inasema "anajifunza". Nani kakosea?

JIBU: Hakuna. Kitenzi *dysgu* (u ya mwisho hutamkwa i, na y ni irabu hafifu tusiyokuwa nayo sisi) kimebeba maana zote mbili.

Sisi kazi hiyo tumewaachia viambishi. Mzizi ni ule ule: mwali hufundwa, mwalimu hufundisha au hufunza, na ukitanguliza *ji* unapata kujifunza. Kwa hesabu ya Kiswahili, basi, mwanafunzi anajifunza mwenyewe hata akiwa ameketi mbele ya mwalimu mwenye bakora!

Asili ya neno ni Kilatini, *discere*, lililoingia enzi Warumi walipotawala Britania. Kwa Warumi wenyewe lilimaanisha kujifunza tu. Kufundisha walikuwa na *docere*. Kutoka huko huko likaja *disgybl*, mwanafunzi, na wale ambao Biblia yetu inawaita wanafunzi wa Yesu, Wawelisi huwaita *disgyblion*.

Utamu uko kwenye sarufi. *Dysgu* ni kitenzi na ni jina pia, kama "kufundisha" kwetu katika ngeli ya KU. Kwa hiyo mtendwa huja kwa sura ya mmiliki: *fy nysgu* ni "kufundisha kwangu", lakini maana yake kunifundisha. Anayefundishwa akiwa mwanamume ni *ei ddysgu*. Mwanamke, *ei dysgu*. Usishangae herufi ya kwanza kubadilika. Hata sisi tuna ulimi mmoja na ndimi mbili.

Wakati uliopita husema *dysgais i*, nilijifunza au nilifundisha. *Dysgodd hi*, yeye mwanamke. Asipotajwa mtenda ni *dysgwyd*. Kuamuru mmoja unayemzoea, *dysga*. Wengi, au mtu wa kuheshimiwa, *dysgwch*.

Turudi kwenye daftari. Kama kweli wewe ndiye unayemfundisha, mwambie aongeze maneno mawili tu, *i fi*, yaani "kwangu": *Mae Mam yn dysgu Swahili i fi*. Hapo hata ile kamusi haitakuwa na la kusema.