Jibu: Kazi ya nyumbani, siku inaisha kazi haijaisha

Mkuu, salama? Unasema tangu uanze kufanyia kazi nyumbani kwa wateja wa New York, unakaa kwenye kompyuta toka asubuhi hadi usiku wa manane na kazi haiishi. Yalinikuta.

Kwanza angalia saa zako, bidii baadaye. Saa 3 asubuhi yao ni saa 10 jioni yetu, na kuanzia mwanzoni mwa Novemba hadi katikati ya Machi inasogea hadi saa 11. Ukianza saa 2 asubuhi, wao wakifungua ofisi wewe umeshachoka. Mimi asubuhi napumzika, kazi ngumu naifanya saa 6 hadi saa 9, simu ikiwa chumba kingine. Jioni ni vikao na meseji tu.

Halafu watu wa nyumbani. Mama aliniona nipo tu: "Hebu kimbia dukani ulete unga." Nikaanza kuvaa shati na viatu humohumo ndani. Alicheka wiki nzima, ila kunituma aliacha.

Umeme ukikatika, betri ndogo ya ruta itakuvusha kikao. Kuhusu watoto wadogo sina uzoefu, wenye nao waseme.