Karakana ya Wasomaji: Bantam Iliyo Ndani ya Ndoo Nne

SWALI: Shikamoo, fundi. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari hapa Moshi, na ninaishi Pasua. Jirani yetu, mzee aliyekuwa na BSA Bantam, pikipiki ndogo ya kampuni ya Kiingereza ya BSA, tangu ujana wake, alifariki dunia mwaka juzi. Pikipiki ameiacha ikiwa imefunguliwa yote: fremu imeegeshwa stoo, magurudumu yametundikwa darini, na injini pamoja na vifaa vingine vimejaa ndoo nne na gunia moja. Kijana wake mkubwa anataka shilingi 800,000 na anasema kila kitu kimo. Kadi ipo, ina jina la marehemu. Nina spana za kawaida, nina kibaraza chenye paa, na jioni zangu ni huru. Je, ninunue? Na nikinunua, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu maneno matatu ndani yake yananipa wasiwasi, nayo ni hayo ya kwamba kila kitu kimo. Sisemi kwamba kijana anakudanganya. Pikipiki ilifunguliwa na baba yake, na aliyejua nati ipi iliwekwa wapi ameshazikwa, kwa hiyo huyo anayeuza hawezi kujua zaidi ya unavyojua wewe. Ndoo nne za vyuma huonekana nyingi machoni. Hata hivyo, thamani ya pikipiki iliyofunguliwa huamuliwa na vile vilivyokosekana, kwa kuwa hivyo ndivyo utakavyovitafuta kwa miezi na kuvilipia nauli kutoka Uingereza.

Lakini kabla ya vyuma kuna karatasi. Mwenye mali amefariki, basi anayeweza kukuuzia kihalali ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ukubwa wa kuzaliwa peke yake haumpi kijana mamlaka hayo. Familia nyingi za huku kwetu hugawana mali kwenye kikao cha ukoo na kuishia hapo. Kikao kina heshima yake, na muhtasari wake huhitajika Mahakama ya Mwanzo wakati wa kumteua msimamizi, ila muhtasari huo hauhamishi umiliki wa chombo cha moto. Omba uonyeshwe barua ya usimamizi. Kisha chukua nakala ya kadi uende nayo TRA, mamlaka ya mapato inayosajili vyombo vya moto, uulize kama namba hiyo ingali katika kumbukumbu zao, na ufanye hivyo kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Mkataba wa mauziano uandikwe, mashahidi watie saini, na namba za fremu na injini ziwemo ndani yake.

Namba hizo utazisoma mwenyewe kwenye chuma. Ya fremu imegongwa shingoni, pale usukani unapopita, na ya injini imegongwa kwenye kesi, yaani ganda la injini. Zisafishe kwa kitambaa chenye tina (kiyeyusha rangi), wala usitumie msasa, maana msasa hufuta na kile unachokitafuta. Ukikuta namba mbili hizo hazifanani, usitishike: BSA wa miaka ile hawakuwa na desturi ya kuzigonga zilingane. Kinachotakiwa ni kila moja ilingane na iliyoandikwa kwenye kadi.

Sasa omba nusu siku. Tandika turubai uani kwa marehemu, mwaga ndoo moja baada ya nyingine, na upange vifaa kwa mfuatano wa injini ilivyo, kuanzia silinda hedi mpaka spoketi ya nyuma. Utaona mapengo bila kuambiwa na mtu. Pengo la boliti, kebo, gasketi au beringi lisikusumbue. Beringi huuzwa kwa namba iliyogongwa pembeni yake, na maduka ya Moshi na Arusha yanazo za saizi nyingi. Pengo linaloumiza ni la kesi za injini, yaani nusu mbili za aluminiamu zinazoshika gia na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Nusu hizo zilichongwa pamoja kiwandani, na ukipewa nusu ya injini moja na nusu ya nyingine, krenki huenda isikae sawa hata ukiibembeleza. Nyingine za kuangalia kwa jicho kali ni flaiwili yenye sumaku pamoja na sahani yake ya koili, kabureta ya Amal, na seti ya gia. Kama hizi zote zipo na kesi hazina ufa, bei uliyotajiwa inazungumzika. Kama kesi moja haipo au imepasuka, mimi binafsi nisingetoa zaidi ya robo ya hiyo, hata fremu iwe nzuri namna gani.

Hapo hapo kwenye turubai, toa kalipa ya maabara yako ya shule upime tundu la silinda. Bantam ya kwanza, D1, ilitoka Birmingham mwaka 1948 ikiwa na injini ya mipigo miwili ya cc 123 na gia tatu, na tundu lake ni milimita 52. Ukipata karibu na 57, hiyo ni ya cc 148, ukipata 61.5, ni ya cc 172. Safari ya pistoni ni milimita 58 kwa zote tatu, nawe unaweza kuwapa wanafunzi wako hesabu hiyo waithibitishe. Ukipata 52.5 au 53, injini ni ya cc 123 lakini silinda imeshachongwa kupanuliwa, na utahitaji pistoni kubwa zaidi ya ile ya kiwanda.

Umesema una spana za kawaida. Hizo, Mwalimu, ni adui wa pikipiki hii. Mchoro wa Bantam ulitoka kwa DKW RT125 ya Ujerumani, ambao Waingereza waliuchukua kama fidia ya vita, na ni mchoro huohuo ambao Yamaha waliuiga mwaka 1955 walipotengeneza pikipiki yao ya kwanza. BSA waliugeuza kama unavyoonekana kwenye kioo, na vipimo wakavifanya vya inchi kwa utaratibu wa Kiingereza wa Whitworth. Kichwa cha nati inayoitwa robo inchi kwenye spana ya Whitworth kina upana wa milimita 13.3, kwa kuwa robo hiyo ni unene wa boliti, si upana wa nati. Spana ya 13 haiingii. Ya 14 inaingia na kucheza, na ukiikaza kwa nguvu inakula pembe moja baada ya nyingine mpaka nati inabaki duara kama sarafu. Nunua seti moja ya Whitworth, hata kuukuu, kabla hujalegeza chochote kilichobaki kimefungwa.

Kuhusu pa kuanzia, nakuomba usianze na rangi. Nasema hivi nikikumbuka fremu ya kwanza niliyoirudisha. Niliipiga msasa wiki nzima, nikaipaka rangi nyekundu iliyong'aa, nikawaita majirani waione, kisha nilipoingiza injini nikakuta sikio moja la kuishikia limepinda kwa milimita tatu. Ilibidi lipashwe moto na kunyooshwa, na rangi yote ya upande ule ikababuka na kuwa malengelenge. Tangu hapo huiunganisha pikipiki nzima ikiwa kavu na chafu: injini tupu ndani ya fremu, magurudumu, usukani, tangi, madigadi, na kila boliti mahali pake. Hapo ndipo unajua spoketi mbili ziko kwenye mstari mmoja au haziko, na cheni itapita bila kukwaruza. Ukimaliza, piga picha kila upande, fungua tena, na boliti za kila sehemu uzitie kwenye mfuko wake wenye jina. Hapo ndipo uende kwa mpiga rangi.

Ndani ya injini, moyo wa jambo ni sili za krenki, yaani mipira inayozuia hewa pale krenki inapotokeza nje ya kesi. Katika injini ya mipigo miwili, kesi ni pampu: pistoni ikipanda inavuta mchanganyiko wa petroli na hewa kuingia chini yake, ikishuka inaukandamiza na kuusukuma juu kupitia njia za pembeni. Sili iliyokaa miaka mingi stoo huwa ngumu kama kwato. Ukiibonyeza kwa ukucha hairudi. Injini ikiwaka na sili ya namna hiyo, hewa ya ziada inaingia pembeni, mchanganyiko unakuwa mkavu (hewa nyingi, petroli kidogo), joto linapanda, na pistoni inakwama safari ya kwanza tu utakapopandisha mlima wa kwenda Kibosho. Badilisha sili zote, hata zile zinazoonekana nzima.

Pistoni nayo inunuliwe kwanza, ndipo silinda ipelekwe kwa fundi wa leti na pistoni ikiwa mkononi mwake, achonge kulingana na hiyo. Wengi hufanya kinyume, kisha wanahangaika kutafuta pistoni ya kuingia kwenye tundu lililokwisha chongwa. Ukipata ringi mpya, iingize peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa bila kuinama, na upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa tundu la milimita 52, mwanya wa takribani milimita 0.2 unatosha. Wakati wa kuvisha silinda, hakikisha ncha za ringi zimekumbatia kile kipini kidogo kilicho ndani ya mfereji wa pistoni. Kipini hicho kinazuia ringi isizunguke na kunasa kwenye matundu ya silinda. Ukikisahau, utasikia mlio wa kuvunjika kiki ya kwanza.

Mafundi wengi vijana wamekulia kwenye bodaboda, ambazo ni za mipigo minne, na injini yako itawachanganya. Tafuta mtu mzima aliyewahi kufungua Vespa au zile Yamaha za mabwana shamba. Oili ya mipigo miwili ndiyo ileile ya misumeno ya mbao, na mimi huchanganya mililita 40 kwa kila lita ya petroli. Matairi yatakusumbua kidogo, kwa kuwa rimu za D1 ni za inchi 19, na bodaboda za mjini hutembea zaidi kwenye 17 na 18.

Na siku ya kutoka barabarani, kumbuka ule mgeuzo wa kioo: gia iko mguu wa kulia na breki ya nyuma iko wa kushoto. Aliyezoea bodaboda atakanyaga gia akidhani anashika breki. Jizoeze kwanza kwenye uwanja wa shule, siku wanafunzi hawapo.

SWALI: Mume wangu ananunua pikipiki kuukuu na kuzitengeneza hapa nyumbani, Njiro, Arusha. Simzuii, kazi yake naipenda. Ila huosha vifaa kwa petroli kwenye korido, na breki huzipuliza kwa pampu ya upepo. Tuna watoto wawili wadogo. Je, nina sababu ya kuogopa?

JIBU: Unayo, dada yangu, na ningefurahi mkiisoma pamoja barua hii. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kama maji na kuufikia moto wa jiko la gesi hata kama liko chumba kingine. Vifaa vioshwe nje, kwa mafuta ya taa au dizeli, na kwa brashi. Mafuta hayo yasitiwe kwenye chupa za soda au za maji hata kwa dakika tano, maana mtoto huijua chupa na haulizi kilichomo. Ikitokea mtoto amekunywa, asitapishwe: mafuta ya taa hudhuru zaidi yakiingia kwenye mapafu wakati wa kutapika. Akimbizwe hospitali hivyo hivyo.

La breki ni zito zaidi kwa sababu halionekani. Breki shuu nyingi za pikipiki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa linakaa mapafuni kwa miongo kabla ya kuleta saratani. Ngoma ya breki isipulizwe kamwe. Ailoweshe kwa maji yenye sabuni, aifute kwa matambara yakiwa bado mabichi, ayafunge matambara hayo kwenye mfuko wa plastiki, na nguo alizovaa zifuliwe mbali na za watoto. Shuu mpya zisizo na asbesto zinapatikana, au lile bati la zamani linaweza kubandikwa utepe mpya.

SWALI: Tangi la pikipiki yangu lina kutu ndani na tundu dogo chini. Fundi wa kuchomelea jirani yangu hapa Kiboriloni yuko tayari leo. Nimpelekee?

JIBU: Leo usimpelekee. Tangi linaloonekana tupu ndilo la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki pamoja na hewa ndio unaolipuka, na cheche moja inatosha. Kwanza toa koki, tia konzi mbili za kokoto safi na maji ya sabuni, tikisa mpaka mikono ichoke, mwaga, na urudie hadi maji yatoke bila wekundu. Kisha lijaze siki uliache siku mbili, ulisuuze kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, na ulikaushe juani siku hiyohiyo kabla kutu mpya haijaanza. Ukimfikishia fundi, lijazwe maji mpaka karibu na usawa wa tundu, likiwa limepinduliwa ili tundu liwe juu, kifuniko kikiwa kimefungwa na mahali pa koki pakiwa wazi. Na kama tundu ni dogo kama kichwa cha pini, mwombe atumie risasi ya kulehemu na chuma cha moto kilichopashwa mbali na tangi, aiweke kando mashine ya kuchomelea.