Nilitupa mbegu nikidhani ni takataka

Juzi mwalimu mmoja wa Arusha ameniandikia: "Dada, nataka kufungua chekechea ya utamaduni wetu. Nianzie wapi?" Tangu nirudi kutoka Hawaii, nilikofundisha miaka mitatu kwenye shule ya watoto wa wenyeji, swali hili haliniishi.

Nilifika huko na kiburi cha cheti. Nikaandaa somo la magimbi, wao huyaita kalo: chati, picha, maswali kumi. Tukashuka kwenye loʻi, majaruba ya maji. Nikang'oa gimbi, nikakata bua, nikalitupa. La pili, la tatu. Kupuna, yaani mzee tuliyekuwa naye, hakusema neno. Aliinama, akaokota bua moja moja, akayasuuza tope, akayapanga ukingoni. Binti wa miaka saba akaninong'oneza: "Kumu (yaani mwalimu), hizo ni huli. Ndizo tunazopanda."

Kwao kalo ni kaka mkubwa wa binadamu. Hāloa wa kwanza alizaliwa mfu, akazikwa, pakaota kalo. Mdogo wake ndiye babu wa Wahawaii. Nami nimemtupa kaka wa watu mbele ya watoto!

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba bibi yangu Marangu alipanda hivyo hivyo, kando ya mfongo, mfereji wa maji wa Wachagga, nikimshikia kikapu. Ila shuleni nilichapwa kwa kusema Kichagga, nikaamini ya bibi si elimu.

Hawaii nako, sheria ya 1896 iliweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na watoto wakaadhibiwa kwa lugha ya mama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watoto waliobaki wakikisema Kihawaii walikadiriwa hawafiki 50. Mwaka 1983 walimu wachache wakaunda ʻAha Pūnana Leo, shirika la shule za awali za Kihawaii. 1984 wakafungua shule ya awali Kekaha, kisiwani Kauaʻi, wakati sheria bado inawabana. Ililegezwa 1986. Hawakungoja kibali, jamani. Sisi tunangoja mfadhili, tunangoja semina, tunangoja posho ya semina!

Kwa hiyo mdogo wangu, anza na mzee, si mtaala. Mlipe kama mwalimu. Wazazi nao waingie darasani wajifunze lugha, kama wanavyofanya Pūnana Leo. Nasema tena: anza na mzee.

Ramani ya jengo uliyonitumia nimeiona, nzuri, hata choo cha watoto umekikumbuka. Bibi atakayekaa humo hujanitajia.